Chupa 24 kwenye friza la Shangani, na wingu la Aktiki linalokataa kuganda

Mteja anachukua chupa ya nusu lita kwenye friza la duka moja pale Shangani, Mtwara. Maji ni maangavu, yanacheza ndani. Anaigonga kidogo kwenye kaunta, anazungusha kifuniko, na kabla chupa haijafika mdomoni uji mweupe unashuka kutoka shingoni hadi kitakoni kwa sekunde chache.

"Mama, haya maji yametiwa nini?"

"Yatiwe nini, mwanangu? Ulipoyachukua si yalikuwa maji?"

Kisa hiki ni cha kawaida msimu wa joto, na majibu ya barazani huwa mawili: friza halijakolea baridi, au maji ni feki. Yote mawili hayashiki. Ukipima utakuta chupa ile ilikuwa nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri, na jirani yake, ya kiwanda kilekile, iliyoingizwa saa ileile, imekuwa jiwe. Tuseme kati ya chupa 24, tisa zimeganda na kumi na tano bado ni maji. Sanduku moja, baridi moja, hali mbili bega kwa bega.

Ndivyo yalivyo mawingu ya chini juu ya bahari ya Aktiki, na mengi ya yale yanayoizunguka Antaktika. Huko wingu lenye nyuzi 15 chini ya sifuri huweza kukaa siku kadhaa, kileleni likiwa matone ya maji, chini yake theluji nyembamba ikidondoka bila kukoma. Wengi huanza kwa kuuliza maji yamewezaje kuwepo kwenye baridi hiyo. Hilo ndilo swali jepesi, na friza la Shangani linalijibu. Gumu ni la pili: barafu ikishazaliwa katikati ya matone, kwa nini haiyamalizi? Hapo friza haliwezi tena kutusaidia, tutahitaji sahani, chumvi na barafu ya soko la samaki la Feri.

Baridi haigandishi peke yake

Barafu huyeyuka kwenye sifuri, hilo halina ubishi. Kuganda ni habari nyingine. Ili barafu ianze, molekuli za maji lazima zijipange kwa umbo la fuwele, na kikundi kidogo cha mwanzo huvunjika upesi kuliko kinavyokua, labda kipate mahali pa kushikia: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye plastiki, punje ya barafu iliyotangulia. Maji yaliyochujwa vizuri hayana mishiko mingi ya namna hiyo. Chupa moja ikibahatika kuwa nayo, inaganda mapema; nyingine inasubiri. Ukiigonga, mshtuko huzaa vipovu vinavyobonyea ghafla, na hapo fuwele ya kwanza hupata nafasi.

Kwa nini inakuwa uji na si jiwe? Kila kilo ya maji ikiganda hutoa kilojuli 334 za joto, wakati kuipasha nyuzi moja kunataka 4.2 tu. Maji yaliyokuwa nyuzi 7 chini ya sifuri yana "deni" la kilojuli 29 hivi kwa kilo, kwa hiyo asilimia 9 tu ndiyo inayoweza kuganda kabla mchanganyiko wote haujapanda hadi sifuri na kusimama hapo. Katika nusu lita hiyo ni gramu 44 za barafu. Zilizobaki ni maji ya sifuri kamili, na mteja anakunywa akilalamika.

Anayetaka kupima ajue kwamba kipimo chenyewe ndicho kinachoharibu. Waya wa kipimajoto ukiingizwa kwenye chupa iliyokwisha kupoa hivyo, maji yanaganda palepale na kipimo kinaruka hadi sifuri, na mpimaji anaondoka akiamini kwamba maji hayakuwahi kushuka chini ya hapo. Njia ni kuweka chupa moja ya shahidi: toboa kifuniko tangu mwanzo, waya ukae katikati ya maji, ziba tundu, kisha iingize pamoja na nyingine na usiiguse tena. Kwa chupa za nusu lita zilizoanza na joto la nyumbani, friza likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hesabu saa tatu hadi nne kulingana na zilivyosongamana. Umeme ukikatika katikati, anza upya. Chupa zinazogusa ukuta wenye ukoko wa barafu zitoe kwenye hesabu, kwa sababu upande mmoja wa chupa hizo huwa na baridi kuliko katikati.

Sasa punguza chupa hadi iwe tone la wingu, lenye kipenyo cha mikromita 15. Nusu lita moja inatoa matone bilioni 280 ya ukubwa huo. Mishiko michache iliyokuwamo kwenye chupa nzima ikigawanywa kwa matone bilioni 280, karibu kila tone halitakuwa na hata mmoja. Ndiyo maana chupa hushindwa kwenye nyuzi 7 au 8 huku tone dogo safi likiweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Hapo maji hujigandisha yenyewe bila msaada wa mtu.

Mishiko ya angani haifanani kwa nguvu. Vumbi la udongo wa jangwani huanza kufaa kweli baridi ikipita nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Bakteria wa majani aitwaye Pseudomonas syringae anaweza kugandisha maji kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Juu ya bahari iliyofunikwa na barafu hakuna mashamba wala jangwa karibu, na mara nyingi haupatikani hata mshiko mmoja unaofanya kazi katika lita nzima ya hewa.

Sahani, barafu na chumvi

Kwenye friza kila chupa ina kifuniko, kwa hiyo iliyoganda haina njia ya kumdhuru jirani. Wingu halina vifuniko. Matone na fuwele hutoa na kupokea mvuke katika hewa ileile, na hilo ndilo jaribio la sahani linaloonyesha. Shule yoyote ya Mtwara au Lindi inaweza kulifanya.

Ponda barafu gramu 900, changanya na chumvi gramu 300. Chumvi ya mawe ya mashamba ya pwani hii inafaa, ila itwange kidogo ili iwahi kuyeyuka. Mchanganyiko wa chumvi na barafu hauwezi kushuka chini ya nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa vifaa vya jikoni tegemea nyuzi 15 hivi. Ujaze kwenye sufuria ya lita 2 iliyozungushiwa taulo, hadi ukingoni, halafu laza juu yake sahani bapa ya chuma, ikandamize ili igusane na barafu kila mahali. Sahani iwe imepakwa mafuta ya mgando, tabaka jembamba lililofutwa kwa kidole hadi karibu lisionekane. Funika na bakuli la kioo. Subiri dakika tano, inua bakuli kidogo, ingiza mrija, pulizia pumzi moja fupi, funika tena. Angalia kwa kioo cha kukuza mara 10, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu.

Ukikosea, kwa kawaida ni mahali pawili. La kwanza ni kuacha mafuta: chuma kitupu kina mikwaruzo, kila tone linapata mshiko, na sahani inakuwa nyeupe yote kwa pamoja bila kuonyesha kitu. La pili ni bakuli. Hewa ya Mtwara ina mvuke mwingi kiasi kwamba sahani isiyofunikwa hulowa na kujaa ukoko kwa dakika chache, na ulichokuja kukiona kinazama. Kuna na la tatu, dogo: punje ya chumvi ikirukia kwenye sahani, tone lililoigusa haligandi kabisa, na mwanafunzi ataandika kwamba ameona ajabu. Kipimajoto cha kawaida cha maabara huishia nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo tafuta cha waya. Uso wa sahani huwa na joto zaidi ya mchanganyiko kwa nyuzi mbili tatu. Ukisoma 12 chini ya sifuri, uko mahali pazuri.

Kwa dakika ya kwanza utaona matone tu, yote maji. Kisha moja linafifia ghafla na kuwa jeupe. Baada ya muda, kuzunguka lile jeupe panatokea pete kavu. Matone ya jirani yanasinyaa, yaliyo karibu zaidi yanapotea kabisa, na lile jeupe linaota miiba. Hakuna kilichoyagusa. Yameliwa kwa njia ya hewa.

Sababu ni kwamba barafu hushikilia molekuli zake kwa nguvu kuliko maji ya baridi ileile, hivyo mvuke unaohitajika kuituliza ni mdogo. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kanieneo ya mvuke inayotosheleza maji ni hektopaskali 1.91, inayotosheleza barafu ni 1.65. Hewa ambayo kwa tone ni shibe kamili, kwa fuwele ni shibe na ziada ya karibu asilimia 16. Fuwele inachukua ziada hiyo, hewa inapungukiwa, tone linatoa mvuke kufidia, fuwele inachukua tena. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri ziada ni asilimia 5 tu, kwenye 20 inapita asilimia 21, ingawa kwa hektopaskali pengo kubwa kabisa liko karibu na nyuzi 12.

Alfred Wegener, mwanasayansi wa Ujerumani, aliandika wazo hili mwaka 1911. Tor Bergeron wa Sweden alilipata kwa macho mwaka 1922, akitembea kwenye msitu wa misonobari huko Voksenkollen juu ya Oslo: siku za baridi kali ukungu uliishia juu ya njia, kwa sababu matawi yenye ukoko wa barafu yaliufyonza; siku za juu ya sifuri ukungu ulishuka hadi chini. Mtu wa Newala anaufahamu ukungu wa aina hii ya pili tu, ule wa asubuhi za Juni unaolowesha mikorosho. Huo ni maji matupu na hauna mlaji ndani yake. Walter Findeisen aliongezea hesabu mwaka 1938, na majina yao matatu yakabaki kwenye utaratibu huu.

Sahani ina uongo wake mmoja, na usiufiche. Matone yake yako karibu mno, kwa hiyo mwiba wa barafu mara nyingine humfikia jirani kabla hajakauka na kumgandisha kwa kumgusa. Katika wingu lenye matone 100 kwa sentimita ya ujazo, tone na tone viko mbali milimita 2 hivi, zaidi ya mara mia ya upana wao. Fuwele zikiwa moja kwa lita, kati ya moja na nyingine ni sentimita 10. Migongano ipo, fuwele inayoanguka hubeba matone njiani, lakini sehemu kubwa ya biashara hupitia mvuke.

Mlaji, mpishi na hesabu yao

Chukua basi wingu lenyewe: nyuzi 15 chini ya sifuri, unene mita 300, matone 100 kwa sentimita ya ujazo, kila moja mikromita 15. Maji yake ni gramu 0.18 kwa mita ya ujazo. Ukiyashusha yote chini yanakuwa gramu 54 kwa mita ya mraba, yaani tabaka la sehemu ya ishirini ya milimita. Wingu linaloweza kufunika eneo kubwa kuliko mkoa wa Mtwara limebeba maji yasiyoweza hata kulowesha mchanga vizuri.

Weka ndani yake fuwele bapa za milimita 1, moja kwa kila lita. Kwa kanuni ya ukuaji wa fuwele, kila moja inanyonya takribani gramu 0.000000013 kwa sekunde, na zote pamoja zingehitaji karibu saa 4 kumaliza maji ya wingu. Zikiwa 10 kwa lita, dakika 22. Zikiwa moja kwa lita 10, siku moja na nusu. Haya ni makadirio ya fuwele zisizokua wala kuanguka, ila yanatosha kuonyesha kwamba kinachoamua ni idadi ya walaji, na baridi inakuja nyuma yake.

Upande wa pili yuko mpishi: hewa inayopanda. Ikipanda hupoa, na kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kila mita 100 za kupanda huzaa maji ya karibu gramu 0.085 kwa mita ya ujazo. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde unapanda mita 200 kwa chini ya dakika 7 na kurudisha karibu maji yote ya wingu, wakati mlaji wa fuwele moja kwa lita anahitaji saa 4. Ukigawanya ulaji kwa upishi unapata kasi ya chini kabisa inayotosha maji yasiishe: kama sentimita 2 kwa sekunde kwa fuwele moja kwa lita, sentimita 16 kwa fuwele 10, na zaidi ya mita moja na nusu kwa fuwele 100. Misukosuko ya ndani ya mawingu haya kwa kawaida ni nusu mita hadi mita moja kwa sekunde. Wingu lenye fuwele 100 kwa lita halina pa kuponea.

Nani anaisukuma hewa hiyo, ilhali chini ni barafu ya bahari isiyo na joto la kutoa? Ni kilele chenyewe. Matone yakifika gramu 40 au 50 kwa mita ya mraba, wingu linang'aa kwa miali ya joto karibu sawa na kitu cheusi kamili, yaani kile kinachotoa miali yote ambayo joto lake linaruhusu, na anga la juu likiwa kavu kilele hupoteza wati 60 hivi kwa kila mita ya mraba. Hewa ya kilele inapoa, inakuwa nzito, inazama, na nyingine inapanda kuchukua nafasi yake. Mawingu ya Mtwara huchemka kutoka chini kama sufuria; haya huchemka kutoka juu kwenda chini. (Yale marefu ya Januari nayo yana maji ya chini ya sifuri, kuanzia karibu kilomita 5 kwenda juu. Ila mkondo wake huweza kufika mita 10 kwa sekunde, na vita hiyo huisha kwa dakika badala ya siku.)

Angalia mzunguko uliopo hapo: maji yanaleta upotevu wa joto, upotevu unaleta mkondo, mkondo unaleta maji. Fuwele zinazoanguka ni mfereji unaovuja, na juu ya kilele mara nyingi kuna tabaka la hewa lenye mvuke mwingi kuliko lililo chini yake, jambo ambalo kwetu si la kawaida, nalo hujazia kinachovuja. Kuna na kitu kingine cha kuyalinda matone: mshiko uliokwisha kuzaa fuwele huondoka nayo ikianguka, na hewa inabaki maskini zaidi wa mishiko.

Mzunguko unavunjika kwa njia ileile. Mishiko ikiongezeka, au mvuke wa juu ukikatika, maji hupungua chini ya gramu 20 hivi, kilele hakipoi tena vya kutosha, mkondo unalegea chini ya kizingiti, na barafu inamaliza sahani. Linalobaki ni pazia la fuwele, kisha anga tupu. Vipimo vya SHEBA, mradi wa utafiti uliofanywa kwenye meli ya Kanada Des Groseilliers iliyoachwa igandie kwenye bahari ya Beaufort kuanzia Oktoba 1997 hadi Oktoba 1998, vilionyesha kipindi cha baridi kikikaa katika hali mbili: ama uso unapoteza wati 40 hivi kwa mita ya mraba kwa miali ya joto, ama karibu sifuri. Katikati ya hizo mbili hapakaliki sana.

Wapimaji hutenganisha maji na barafu bila kupanda juu. Laida, kifaa kinachopima kwa leza, hutuma mwanga uliopangwa upande mmoja: tone la mviringo huurudisha vilevile, fuwele yenye kona huuvuruga. Rada huona fuwele vizuri na matone vibaya, kwa sababu mwangwi hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo: kipenyo kikiwa mara 2, mwangwi huwa mara 64. Fuwele chache kubwa hufunika sauti ya matone milioni. Rediometa ya maikrowevu hutoa jumla ya maji peke yake. Anayetumia rada tu ataapa kwamba wingu zima ni barafu.

Kosa hilohilo liliingia kwenye mifumo ya kompyuta ya hali ya hewa. Mingi ya zamani iligawa maji na barafu kwa kusoma joto tu: nyuzi kadhaa, asilimia kadhaa. Katika majaribio ya Oktoba 2004 kaskazini mwa Alaska, mifumo mingi ilitoa maji pungufu mno kuliko yaliyopimwa. Ni sawa na kumwambia mwenye duka kwamba kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri chupa zote lazima ziwe jiwe.

Na gharama ya kukosea ilionekana Greenland. Tarehe 12 Julai 2012 karibu asilimia 97 ya uso wa barafu ya kisiwa ulikuwa na dalili za kuyeyuka, hata kituo cha Summit kilichoko kama mita 3,200 juu, ambako kuyeyuka kwa mwisho kulikosomwa kwenye tabaka za theluji ni kwa mwaka 1889. Hewa ya joto ilikuwa imefika, ila mawingu membamba ya maji yalisaidia kukamilisha kazi: kati ya gramu 10 na 40 kwa mita ya mraba, ambapo wingu ni jembamba kiasi cha kupitisha jua na nene kiasi cha kurudisha joto chini. Maji yaleyale yangekuwa barafu, blanketi lingekuwa dhaifu.

Kwa mwenye duka wa Shangani dawa ni ndogo. Chupa za kuuza zikae kwenye friji la nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri. Kama friza ndilo lililopo, usingoje saa ya nne: baada ya saa mbili toa chupa moja, igonge mezani kwa nguvu. Ikitoa vipande vyembamba vya barafu, punguza kitasa cha baridi na uziuze hivyo hivyo. Ikibaki maji, ongeza dakika ishirini, ugonge nyingine.